KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: TUPIME KABLA YA KULAUMU

Sisi watu wa visiwani tuna mazoea yetu. Kila kitu kitujiacho kutoka ng'ambo kikichelewa au kikikatika, macho yetu huelekea baharini, na vidole vyetu hufuata macho. Wala mazoea haya hayakuzuka bure. Mwezi wa Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza likaturejea kwa miezi mitatu, kwa kuwa umeme wetu ulitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya maji kutoka Tanzania Bara. Tena tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja katika pwani ya kusini mashariki ya Afrika, na nchi nzima ikaona intaneti yake ikizorota. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini hadhari ikipita kiasi hugeuka upofu. Mtu aliyezoea kutazama mbali huweza kukosa kuona kilicho miguuni pake. Leo safu hii inapenda kueleza kisa cha kompyuta moja, iliyomo nyumbani kwa mwandishi mwenyewe, na gemu moja ambayo kijana wa nyumba hiyo alitaka kuipakua. Huenda msomaji akauliza, na ana haki ya kuuliza, gemu ya mtoto ina uzito gani hata ipewe nafasi katika ukurasa huu. Tunamwomba avute subira. Ugonjwa ulioonekana juu ya meza ya mtoto ndio ule ule unaokaa juu ya meza nyingi za ofisi zetu, na huko haumchelewishi mtoto na mchezo wake, bali humchelewesha mwananchi na haki yake.

JINSI MAMBO YALIVYOANZA

Ilikuwa wakati wa likizo ya skuli. Mwanangu alikuwa ameweka akiba kwa miezi kadhaa akanunua gemu yenye ukubwa wa gigabaiti 60. Nyumba yetu hulipia kila mwezi intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde. Alipoanza kuipakua, kioo cha kompyuta kilionyesha kilobaiti 400 kwa sekunde, na makisio ya muda yalikuwa karibu saa 42. Asubuhi ya pili alinijia uso umekunjamana. "Baba," aliniambia, "hawa watu wanatuibia. Tunalipa ishirini, tunapewa sifuri nukta nne."

Nakiri kwamba nilimsadiki papo hapo. Niliketi nikaandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni inayotuuzia huduma. Ya pili ilikuwa ya safu hii, na kichwa chake nilikwisha kukichagua. Kilikuwa na neno "wizi" ndani yake. Jirani zangu watatu walikuwa tayari kutia saini, na mmoja wao alishauri barua ya kwanza ipitie kwa Sheha ili ipate nguvu.

Kilichotuokoa na aibu ni ziara ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa redio na televisheni kwa zaidi ya miaka thelathini, aliyekuja kwa shughuli nyingine. Nilimwamkia, nikamkaribisha kahawa, nikamsomea barua zangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Ni chombo hiki peke yake kinachokwenda pole pole, au ni vyombo vyote vya nyumba hii?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa na jibu, na sote tulikuwa tayari kutia saini.

Tulichukua simu ya binti yangu, tukaipima kasi hapo hapo sebuleni. Ilionyesha megabiti 19 kwa sekunde. Simu ya pili ikatoa karibu hesabu ile ile. "Basi," alisema mzee, "bahari haina kesi hapa. Wala kampuni haina kesi. Maji yanafika mferejini, tutazame ndoo."

HESABU AMBAYO WENGI HATUIJUI

Kabla ya kugusa kitu chochote, mzee alitutaka tuiweke sawa hesabu yetu. Kampuni za mawasiliano huuza kasi kwa megabiti, ilhali programu nyingi za kupakulia huonyesha kasi kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mtu anayelipia megabiti 20 kwa sekunde, mambo yote yakienda vizuri kabisa, ataona kiasi cha megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, si ishirini. Gemu ya gigabaiti 60 kwa kasi hiyo hutaka saa sita na dakika arobaini. Mwanangu alilinganisha ishirini na sifuri nukta nne kana kwamba ni pishi moja. Dai lake la haki lilikuwa mbili na nusu kwa sifuri nukta nne. Upungufu ulikuwapo, na ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa ule aliousema. Na mwenye kudai zaidi ya haki yake hunyimwa hata haki yenyewe.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuihamisha kompyuta kutoka chumba cha nyuma na kuileta sebuleni karibu na ruta, kisha kuiunganisha kwa waya. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Mawimbi ya waifai yanaweza kuzuiwa na mambo mengi. Waya hauna mambo mengi. Ukitumia waya na hali isibadilike, umekwisha kuondoa shaka moja.

Hali haikubadilika. Kilobaiti 400 ikabaki kilobaiti 400.

Hapo mzee akatabasamu, akatuonyesha jambo ambalo sisi tulilitazama siku mbili bila ya kuliona. Kasi ile haikuwa ndogo tu, bali ilikuwa imetulia. Haikupanda hadi 500, haikushuka hadi 300. "Ugonjwa wa kawaida hutetemeka," alisema. "Kitu kisichotetemeka kimewekwa na mtu."

Tukapima kasi ndani ya kompyuta ile ile, kwa chombo kile kile tulichopimia simu. Ikatoa megabiti 19. Maana yake waya ni mzima, ruta ni nzima, na kompyuta yenyewe ina uwezo wa kupokea. Kilichobaki ni programu ya duka la gemu peke yake. Mwanangu akafungua ukurasa wa mipangilio ya upakuaji, akanyamaza. Palikuwa na kikomo cha kasi kilichoandikwa kilobaiti 400 kwa sekunde. Alikiweka mwenyewe mwaka uliopita, ili dada yake aweze kufuata masomo yake ya jioni kwa njia ya video bila ya picha kukwama. Lilikuwa jambo jema, akalisahau.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walisema kweli.

KOSA HALIKUWA MOJA

Laiti kisa kingeishia hapo kingekuwa kifupi na kitamu. Lakini mambo ya ulimwengu hayaendi hivyo, na somo kubwa liko katika sehemu hii. Kikomo kilipoondolewa kasi iliruka hadi megabaiti mbili na ushei, ikadumu dakika chache, kisha ikaanguka hadi sifuri. Ikapanda tena, ikaanguka tena, mfano wa meno ya msumeno.

Programu ile ina michoro miwili inayokwenda pamoja: mmoja wa mtandao na mmoja wa diski. Mzee alitaka tuitazame yote miwili. Kila mtandao uliposhuka, diski ilikuwa ikihangaika kwa nguvu zake zote. Hapa yafaa tufafanue. Gemu hizi husafirishwa zikiwa zimebanwa ili zichukue nafasi ndogo njiani. Zikifika, kompyuta huzikunjua, huzipanga katika maelfu ya mafaili, na kuyaandika katika diski. Kama prosesa ni dhaifu, au diski ni ya kizamani ya kuzunguka na imejaa, au programu ya kukinga virusi inakagua kila faili linaloingia, basi kazi ya kupanga huwa nzito kuliko kazi ya kupokea. Mtandao hulazimika kusimama na kungoja. Ni kama bandari ambayo jahazi zinafika kwa wakati lakini wapakuzi ni wawili na ghala imejaa. Anayeona foleni ya majahazi hulaumu upepo.

Diski ya kompyuta yetu ilikuwa ya kuzunguka, na ilikuwa imebakisha nafasi ndogo sana. Aidha programu ya kukinga virusi ilikuwa katika ukaguzi wake wa wiki. Tulihamisha picha za video za harusi tatu za ukoo, tukazitia katika diski ya nje, na tukauacha ukaguzi umalizike. Saa tatu na nusu za usiku upakuaji ukaendelea kwa megabaiti mbili nukta tatu kwa sekunde bila ya kuyumba, na kabla ya adhana ya alfajiri gemu ilikuwa imeingia yote.

Siku ya pili kompyuta ilirudishwa chumbani, nasi tukagundua kosa la tatu. Bila ya waya, ndani ya chumba kile, kasi haikuzidi megabiti sita. Kompyuta ilikuwa chini ya meza ya chuma, na kipokezi chake cha waifai kimechomekwa nyuma ya sanduku, kimeelekea ukutani. Baina yake na ruta palikuwa na kuta mbili nene za mawe na chokaa. Wenye nyumba za namna hii, hasa wakaazi wa Mji Mkongwe, wanajua jinsi kuta hizo zinavyozuia joto. Wajue pia kwamba huzuia mawimbi. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hupenya kuta kwa taabu. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini yana nafasi chache, na ruta za majirani pamoja na majiko ya maikrowevu hugombania nafasi hizo hizo. Wengine wangekimbilia kununua ruta mpya. Sisi tulinunua waya wa mita kumi na tano, tukaupitisha ukumbini, kesi ikaisha.

Kwa muhtasari, mpango wa mzee ulikuwa huu, nasi tunamnasihi kila mwenye kompyuta aukariri. Kwanza uliza: ni chombo kimoja au vyote? Pili, hakikisha unalinganisha biti kwa biti na baiti kwa baiti. Tatu, tumia waya. Nne, tazama umbo la kasi: iliyotulia mno imewekewa kikomo, inayopanda na kushuka huenda inaangushwa na mawimbi au diski. Tano, uliza nani mwingine anatumia njia: simu inayopeleka picha kwenye hifadhi ya mbali, au kompyuta inayojisasisha yenyewe kimya kimya, huweza kuimeza njia yote. Sita, badilisha kituo cha kupakulia katika mipangilio ya programu, maana chombo cha kupimia kasi kwa kawaida huchagua kituo kilicho karibu, na gemu yako huenda inatoka mbali sana. Na kila mara badilisha kitu kimoja tu, kisha upime. Mwenye kubadilisha vitu vitano kwa pamoja hatajua kipi kilichomponya.

LAKINI SI KILA MARA MKOSAJI NI MWENYE NYUMBA

Isidhaniwe kwamba safu hii imeajiriwa kuwatetea wauzaji wa intaneti. Mmoja wa wale jirani watatu alikwenda kwake akaufuata mpango huo huo. Alipima kwa waya, kwa vyombo vyote, asubuhi na usiku, siku saba mfululizo, akaandika katika daftari la mwanawe. Asubuhi alipata megabiti 18 au 19. Baina ya saa mbili na saa nne za usiku, siku zote saba, alipata mbili au tatu. Hapo hapana kikomo kilichosahauliwa wala diski iliyojaa. Hapo pana njia moja iliyouzwa kwa watu wengi kuliko inavyoweza kuwabeba, nao wote huitumia saa moja.

Jirani yangu aliandika barua fupi, bila ya neno "wizi", akaambatisha ukurasa wa daftari. Mafundi walikuja. Hawakubisha, kwa sababu hapakuwa na la kubishia. Walikiri kwamba njia ya upande ule imelemewa, wakaahidi kuipanua. Tunaingojea ahadi hiyo, na daftari bado liko wazi.

Tazameni tofauti ya barua mbili. Yangu ilikuwa ndefu, kali, na ya uwongo. Yake ilikuwa fupi, ya upole, na haikujibika. Laiti yangu ingetangulia, na kampuni ikatuma mafundi wakakuta kikomo kilichowekwa na mwanangu, je, barua ya jirani ingesomwa na nani baada ya hapo? Lalamiko lisilo na kipimo halimdhuru mlalamikaji peke yake. Huwafungia mlango wenye haki wanaokuja nyuma yake.

MANENO KWA WAHUSIKA SERIKALINI

Na sasa tuligeukie lile tuliloliahidi mwanzo. Mwananchi anatoka Kojani kwa mashua, kisha anapanda gari hadi mjini, kufuata hati yake. Anafika dirishani, anaambiwa: "Mtandao uko chini, njoo kesho." Kauli hii imekuwa ya kawaida mno. Haituelezi ni mtandao upi, uko chini tangu lini, na nani amepima. Inawezekana kweli mkongo umekatika. Lakini pia inawezekana kwamba ni kompyuta ya dirisha lile tu, ambayo diski yake imejaa, au waya wake umelegea, na kompyuta ya chumba cha pili inafanya kazi barabara. Swali la mzee wa redio halijaulizwa, na nauli ya mwananchi imepotea.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa heshima zote.

Kwanza, kila ofisi inayowahudumia wananchi kwa kompyuta iwe na mtu mmoja aliyefundishwa mpango huu mwepesi, na daftari moja la vipimo. Ofisa atakayesema mtandao uko chini aweze kuonyesha mstari wa siku hiyo. Jambo hili halihitaji msaada wa kigeni wala semina ya wiki nzima.

Pili, wauzaji watakiwe kueleza kasi wanayoiuza kwa lugha inayofahamika, kwa megabiti na kwa megabaiti pia, na waeleze mnunuzi ataraji nini saa za usiku. Neno "hadi" katika matangazo yao, kama vile "hadi megabiti 20", limebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi.

Tatu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, iyapokee madaftari ya wananchi kama ushahidi, na vipimo vya ubora wa huduma katika visiwa vyetu vitangazwe kwa namna ambayo mkaazi wa shehia ataweza kujiona ndani yake.

Nne, yako mambo ambayo mwananchi hawezi kuyatengeneza hata akiwa na waya wa mita mia. Vijana mia moja wakipakua gemu moja kutoka nje, mzigo ule ule huvushwa bahari mara mia. Ikiwa nakala itahifadhiwa karibu, mzigo huvuka mara moja, kisha hugawiwa hapa hapa. Dar es Salaam kipo kituo ambapo kampuni za intaneti hubadilishana mawasiliano yao bila ya kuyapeleka nje ya nchi. Yafaa wahusika wafikirie jinsi visiwa vitakavyonufaika zaidi na utaratibu wa namna hiyo, kwani faida yake haitaishia kwenye gemu. Vitabu vya skuli, mihadhara na marekebisho ya programu za ofisi hupita njia hiyo hiyo.

Tano, skuli zetu ziwafundishe watoto kutafuta kosa. Mwanangu alijua kucheza, hakujua kuuliza. Mzee wa redio hakuwahi kuicheza gemu hata moja, lakini alijua kuuliza, na ndiye aliyeshinda.

Nchi haijengwi kwa manung'uniko, wala haijengwi kwa kunyamaza. Mwananchi ana wajibu wa kutazama kwanza ndani ya nyumba yake, na akishajiridhisha kwamba kosa haliko kwake, ana haki ya kusimama na kipimo chake mkononi akasikilizwa. Ofisa naye ana wajibu huo huo na haki hiyo hiyo. Tukifanya hivyo, siku bahari itakapokuwa na kosa kweli, tutajua, na tutasema kwa sauti moja.

Ama ile barua yangu ya pili, sikuipeleka mtamboni. Nafasi iliyotengewa ndiyo iliyochapishwa haya.